Sokwe wa Rubondo, bonobo wa Congo, na maji yaliyowazunguka

Sokwe mtu haogelei. Bonobo, ndugu yake anayeishi kusini mwa Mto Congo, naye haogelei. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini dunia ina ndugu hawa wawili badala ya mmoja, na kwa nini mwaka 1966 wahifadhi waliokuwa wakitafuta zizi lisilo na ukuta walichagua kisiwa cha Rubondo, magharibi ya Mwanza, ndani ya Ziwa Victoria.

Ubishi tunaoupima hapa unajulikana. Wapo wanaosema sokwe mtu ni mgomvi wa kuzaliwa na bonobo ni mpole wa kuzaliwa. Wengine wanajibu kwamba tabia huletwa na mazingira: mpe sokwe nafasi na chakula cha kutosha, atatulia. Hawa wa pili hupenda kuitaja Rubondo, ambako sokwe wanaonekana kuishi bila vita. Kwa maoni yangu kila upande umemkamata ng'ombe kwa mkia. Ng'ombe ni yuleyule, ila hivyo hapelekeki popote.

Tuanze na ugomvi. Kati ya 1974 na 1978 kule Gombe, hifadhi ya sokwe mtu mkoani Kigoma, madume wa kundi la Kasakela waliwawinda mmoja mmoja madume wa Kahama, kundi lililojitenga nao, hadi likafutika. Kwa muda mrefu palikuwa na hoja kwamba watafiti ndio waliochokoza, kwa sababu walikuwa wakiwapa sokwe ndizi. Mwaka 2014 kumbukumbu za makundi 18 ya sokwe mtu na manne ya bonobo ziliwekwa pamoja. Mauaji 152 yalihesabiwa upande wa sokwe mtu, mengine yakiwa yameshuhudiwa, mengine yakikisiwa kutokana na dalili. Washambuliaji asilimia 92 walikuwa madume, na ukubwa wa bughudha ya binadamu haukueleza tofauti kati ya kundi na kundi. Kwa bonobo lilipatikana tukio moja tu, nalo la kushukiwa. Hoja ya ndizi ikaishiwa nguvu hapo.

Je, bonobo ndiye mpole basi? Hapana, na hapa ndipo wanaompenda bonobo hujikwaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2024, uliolinganisha madume wa Kokolopori nchini Congo na wa Gombe, ulikuta dume la bonobo likigombana na madume wenzake karibu mara tatu zaidi ya dume la sokwe mtu. Tofauti iko kwenye namna ya kugombana. Madume wa sokwe mtu hushambulia kwa genge, kwa hiyo anayeanzisha ugomvi anaweza kuumizwa na watano. Bonobo hugombana wawili wawili: kufukuzana, kusukumana, wakati mwingine kung'atana, kisha yanaisha. Bonobo pia huwinda na kula nyama, wakiwemo paa wadogo wa msituni.

Kinachomzuia dume la bonobo kuwaonea majike ni majike wenyewe. Dume ana mwili mkubwa kuliko jike, lakini akimgusa mmoja vibaya, au akimsogelea mtoto, wanamjia kundi zima kwa makelele. Kumbukumbu za miaka 30 kutoka makundi sita, zilizochapishwa 2025, zinaonyesha kwamba asilimia 85 ya miungano ya majike ililenga madume, na kwa wastani jike alishinda asilimia 61 ya mivutano yake na dume. Asilimia 61 haimfanyi jike kuwa malkia, lakini inatosha kumfanya dume afikiri mara mbili. Cheo cha dume nacho hutegemea mama yake. Mama akiwa bado yupo kundini, mwanawe ana nafasi mara tatu hivi zaidi ya kuzaa. Mtaani tungemwita mtoto wa mama na kumcheka. Kwa bonobo ndiye anayepata watoto.

La ajabu ni kwamba majike hao si ndugu. Kwa jamii zote mbili, binti akikua huhama kundi la kwao, na dume hubaki. Majike wa bonobo hujenga undugu wao ukubwani, kwa kuchambuana manyoya, kugawana matunda na kusuguana sehemu za siri, tendo linalopoza mvutano hasa wanapofika kwenye mti wenye chakula. Jike wa sokwe mtu mara nyingi hutafuta chakula peke yake na mtoto wake mgongoni, kwa sababu matunda yakiadimika wengi hawatoshi chini ya mti mmoja. Dhana yenye wafuasi wengi inasema kusini mwa Mto Congo hakuna gorila wa kumaliza majani laini ya chini ya msitu, ndiyo maana majike wa bonobo wanaweza kutembea pamoja bila kulala njaa.

Hapo wa mazingira wanashangilia, lakini mapema mno. Ni kweli majike wa sokwe mtu wanaofugwa hushikamana zaidi ya wale wa porini, maana chakula huletwa. Ila mwaka 1980 katika bustani ya Arnhem, Uholanzi, ambako njaa haikuwepo, madume wawili walimjeruhi wa tatu usiku mmoja hadi akafa. Chakula kingi kwa miaka michache hakifuti kilichojengwa kwa muda unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 1 na 2, tangu mto ulipowatenga. Kwa sisi watu, asilimia 1.6 ya jenomu yetu, yaani vinasaba vyetu vyote, inafanana zaidi na ya bonobo kuliko ya sokwe mtu, na asilimia 1.7 kinyume chake. Anayetaka kuthibitisha tumetoka kwa mpole au kwa mgomvi hatapata msaada hapo.

Sasa Rubondo. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa sokwe 17 kwa awamu nne. Walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakakaa Ulaya kwenye bustani za wanyama, baadhi kwa miaka. Hawakufundishwa chochote. Walijitafutia chakula, wakajenga viota, wakazaa. Walioharibu ni madume waliozoea binadamu na kuanza kuwashambulia. Baadhi walipigwa risasi. Kama jaribio la kurudisha sokwe msituni, lilifaulu kuliko ilivyotarajiwa. Kama ushahidi wa amani, ni dhaifu. Nchi kavu ya hifadhi ni kama kilomita za mraba 240, wakati Gombe ina kama 35 tu na sokwe wapatao 100. Watu wawili kwenye uwanja wa mpira hawagombani kwa sababu ya kubanana.

Kwa uhifadhi, hesabu ya Rubondo ina pande mbili. Faida ni kwamba sokwe huvuta wageni, na wageni huupa nguvu ulinzi wa msitu na wa maji ya mazalia ya sangara na sato, ambayo wavuvi haramu huyanyemelea. Hasara ni kwamba si sokwe wa asili ya Tanzania, kwa hiyo hawawezi kuwa akiba ya Gombe wala ya Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe; ukiwapeleka huko utachanganya damu zilizotengana siku nyingi. Hata hivyo Rubondo ni nafuu kuliko Ngamba, kisiwa cha kulea sokwe upande wa Uganda, kilichoanza kazi hiyo 1998. Kisiwa hicho kina kama hekta 40 tu, kwa hiyo chakula husafirishwa kwa boti na majike huwekewa vidhibiti mimba. Rubondo inajilisha.

Bonobo hawana Rubondo yao. Wanapatikana Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo pekee, na makadirio ya chini ni 15,000 hadi 20,000. Jike huzaa kila baada ya miaka mitano hivi, kwa hiyo risasi moja kwa mama ni pengo la miaka. Watoto wanaookolewa hulelewa na akina mama wa kulea katika kituo cha Lola ya Bonobo, Kinshasa, na kundi la kwanza lilirudishwa msituni mwaka 2009.

Kwa anayevuka daraja la Kigongo–Busisi kuelekea Geita ili akapande boti ya Rubondo: maji yanazuia sokwe kutoka, hayazuii kikohozi kuingia. Mwaka 2006 ugonjwa wa kupumua uliua sokwe kule Mahale, na kirusi kilichopatikana kilihusiana na cha binadamu. Ndiyo sababu ya barakoa, umbali wa mita 10 na saa moja tu ya kutazama. Mwenye mafua abaki kambini, hata kama kiingilio ameshalipa.