Turnevisi ya mpini wa njano

Nikisikia redioni kwamba mkubwa fulani atazuru hospitali kesho saa nne, huwa nacheka peke yangu. Kesho saa nne atakuta chokaa mbichi. Hata sisi tulipaka.

Nilianzia ufundi kwenye karakana moja ya ndege za kijeshi, kabla sijahamia magari. Tuliambiwa wiki nzima mapema kwamba mkaguzi anakuja. Tukasugua sakafu, mawe ya njiani tukayapaka chokaa, ovaroli zikapigwa pasi mpaka zikawa kama mbao. Ukutani kulikuwa na ubao wa vifaa, kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi, kikikosekana kimoja pengo linakukodolea macho. Pengo moja lilikuwa langu: turnevisi, yaani bisibisi, imepotea siku ya tatu. Sikusema. Jumapili nilikwenda soko la Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, nikanunua nyingine, nikaitundika.

Mkaguzi alikuwa ajida, mwanajeshi mwenye cheo, mzee, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Sakafu yetu aliikanyaga tu. Alisimama mbele ya ubao kimya, akanyoosha mkono na kuitoa ile yangu. Nyingine zote zilikuwa na mpini mwekundu na namba iliyochongwa kwenye chuma. Yangu ilikuwa ya njano, haina namba, na kibandiko cha bei bado kipo.

"Hii iko ya nani?"

Nikasema ya kwangu, shefu.

"Na ile ingine iko wapi?"

"Sijue, shefu."

Akafunga hanga. Hakuna ndege iliyotoka siku ile. Tuliingia na tochi na kioo cha mkono, tukafungua vifuniko kimoja kimoja, hata bukari ya mchana hatukula. Alasiri ile turnevisi iliyopotea ikaonekana chini ya kiti cha rubani, imelala kando ya vyuma vinavyopeleka usukani kwenye mkia. Ndege ikipinda, kitu kama kile kinateleza na kujibana. Rubani anavuta, usukani hauitiki.

Msione ni maneno ya kutisha watoto. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, ndege ya abiria Concorde ilipita juu ya ukanda wa chuma uliodondoka kwenye ndege iliyotangulia kuruka. Ukanda wenyewe haukufika nusu mita. Tairi likapasuka, tangi likatoboka, moto. Watu 113 walikufa, wanne kati yao wakiwa chini, hotelini.

Yule mzee hakuniadhibu kwa kupoteza. Aliniadhibu kwa ile ya njano: mwezi mzima kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, ngozi ya vidole ikanichunika. Nilimwona mkatili. Leo naona alinipimia sawasawa. Kupoteza ni mikono, kuficha ni moyo.

Ila mkubwa wetu wa karakana hakuelewa hivyo. Miezi michache baadaye mwenzangu alikwenda mwenyewe kusema amepoteza spana. Akakatwa mshahara, akatukanwa mbele ya wote. Toka siku hiyo ubao wetu haukuwa na pengo hata moja, na mimi nilianza kuogopa zile ndege. Kila mtu alikuwa na akiba yake ya sokoni, safari hii yenye mpini mwekundu, tena namba tulijifunza kuchonga wenyewe kwa msumari.

Ndiyo maana siamini karakana isiyopoteza kitu, wala ofisi ambayo ripoti zake zote ni nzuri. Anayekuja kukagua aje bila kutangaza, na akikuta fundi aliyejisema, amwache.

Hapa Katuba, Lubumbashi, kwenye karakana yangu ya magari, ninao ubao uleule, nimeuchora mwenyewe. Wiki jana kijana ninayemfundisha alikuja jioni, uso umemshuka: "Baba, spana ya kumi siioni." Boneti ilikuwa imeshafungwa, mwenye gari ameshatoa pesa. Tukaifungua tena. Mwenye gari alinuna, akaita teksi.