Jua la Lamu halizami baharini

Wiki hii nimeiona tena picha ileile, imetundikwa dukani: jahazi jeusi, tanga limetuna, nyuma yake jua jekundu linazama baharini. Chini imeandikwa Lamu. Lakini ukisimama gatini ukaitazama bahari, mbele yako ni kisiwa cha Manda, na huko jua huchomoza. Jioni hutua nyuma yako, nyuma ya nyumba na minazi. Kijana aliyeichora ni mzaliwa wa hapa na kila siku huliona likitua. Amenakili picha aliyoiona kwenye simu tu. Linaniuma, kwa sababu mkono anao.

Kutoka nje na rangi, ukachora unachokiona, si jambo la zamani hata Ulaya. Rangi ya mafuta ilikuwa ikitiwa kwenye vibofu vya nguruwe, hadi mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand aliposajili tyubu ya bati. Ndipo wachoraji kina Claude Monet wa Ufaransa wakaweza kushinda mashambani, mwanga ukigeuka naye anashika turubai nyingine.

Sisi tuko digrii 2 tu kusini ya ikweta. Jua hushuka wima, na likishatua una kama dakika 20, giza limeingia. Ndiyo maana nawaambia vijana waanze saa sita mchana, ndani ya vichochoro vya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe hapa Lamu. Kaa chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Simu hapo huona weusi mtupu. Jicho huona mwanga uliogonga ukuta wa chokaa wa mbele ukarudi, ukaipa joto miti ya boriti, na kivuli cha ukutani kikachukua ubuluu wa anga. Bibi mmoja alitoka dakani kwake, ukumbi wa mlangoni, akaniuliza mbona nimeutia ukuta wake buluu. Nikamwambia, "Hebu utazame, bibi." Akautazama kitambo. "Haya, endelea."

Najua mnunuzi ni mgeni, na mgeni anataka machweo. Basi mchoree ya kweli. Panda mashua saa kumi na mbili kasoro, mwambie nahodha atie nanga katikati ya mkondo, kisha geuka uutazame mji: mapaa na minara inakuwa myeusi, anga inawaka nyuma yake, na maji yaliyo chini yako yanashika rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye simu yoyote. Chukua rangi chache. Zikoroge kabla jua halijagusa mapaa.