Okidi na Ndizi za Kuvumbika

Okidi yangu ya kwanza niliinunua kwenye kitalu kimoja kando ya Ngong Road, Nairobi, ikiwa na ua moja lililochanua na matumba saba. Nikaiweka mezani sebuleni ili kila mgeni aione. Siku ya nne tumba moja likageuka manjano. Kufikia wiki ya pili yote saba yalikuwa yamesinyaa na kupukutika.

Nilifanya wanachofanya wengi: nikazidisha maji. Hilo linaniuma mpaka leo. Phalaenopsis, okidi inayouzwa sana hapa mjini, porini huota juu ya miti, mizizi ikipepewa na hewa. Maji yakituama chunguni mizizi inaoza, na mmea usio na mizizi hauna nguvu ya kufungua maua.

Lakini mharibifu mkubwa alikuwa jirani yake pale mezani: bakuli la ndizi mbivu na maparachichi. Na sisi tuliolelewa na nyanya waliovumbika ndizi tulipaswa kujua! Ndizi moja mbivu ndani ya gunia huziivisha nyingine kwa gesi iitwayo ethilini. Tumba la okidi likifikiwa na gesi hiyo hiyo, huzeeka kabla ya kufunguka, likadondoka. Na Julai, madirisha yakifungwa kutwa kwa sababu ya baridi, gesi haina pa kutokea.

Baridi nayo isisahauliwe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka hadi digrii 11 au 12. Asili ya Phalaenopsis ni nchi za joto za Asia. Hupenda usiku usiopungua digrii 16 hivi. Kuiegemeza kwenye kioo cha dirisha usiku ni kuitesa. Kuihamishahamisha pia, leo sebuleni, kesho barazani, huifanya iyaangushe matumba.

Ninaamini wauzaji wana wajibu hapa. Mtu analipa pesa nyingi, anaondoka bila kuambiwa lolote, kisha anajilaumu kwamba mkono wake haukubali maua. Maneno mawili tu yangetosha: usiiweke karibu na matunda, usiihamishe.

Ya sasa iko juu ya kabati chumbani, mbali na dirisha. Matunda yamehamia jikoni. Ina matumba matano. Mawili yamefunguka tangu Jumapili, na la tatu leo asubuhi limeanza kupasuka nchani.