Mimi na dada yangu kazi moja, watoto wetu serikali mbili

Kila nikipiga simu nyumbani, mazungumzo yakifika kwa masomo ya watoto lazima mtu aseme ule mwaka wa korona ndio ulituharibia. Mimi nlikuwa Leicester wakati huo, kwa hiyo nataka kusema langu.

Huku Uingereza nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, dada yangu ni nesi kwenye zahanati kule Lungalunga, Kwale. Yaani sote ni watu wa kushinda na wagonjwa. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020, huku zikafungwa Ijumaa ya tarehe 20 mwezi huohuo, basi kwa kufunga hatukupishana sana. Tofauti ni kwamba huku mlango haukufungwa wote. Watoto wa manesi, watunza wazee, madereva wa mabasi, wauza chakula, pamoja na wale ambao nyumbani kwao si salama, waliambiwa waendelee kuja. Kijana wangu alikuwa mwaka wa nne, akawa anaenda, darasani wako wanane au tisa tu, na mimi naingia zamu moyo umetulia.

Dada yangu naye zamu hazikusimama hata siku moja, binti yake wa darasa la saba akabaki na bibi yake. Vipindi vya masomo vilikuwa vinarushwa KBC, redio ya taifa ya Kenya, sawa, lakini pale kwao redio inashika stesheni za Tanga vizuri kuliko za Nairobi, na simu yenye intaneti ni moja tu nayo anayo mamake zahanati mpaka jioni, akirudi bando imeisha.

Kuna siku siisahau, tarehe 29 Juni 2020. Jioni hiyo Leicester tukatangaziwa tunarudi lokidauni, mji wa kwanza Uingereza, shule zifungwe tena Alhamisi, na hata hapo watoto kama wangu wakaachwa waendelee. Siku hiyohiyo Tanzania ikafungua shule zake, binamu yetu wa Tanga akatuma picha ya mtoto wake kavaa yunifomu. Kutoka Lungalunga mpaka Horohoro ya Tanzania ni hapo tu, ukivuka mpaka umefika. Binti yetu, huyo wa dada, akauliza mbona wao wanaenda. Sisemi Tanzania walifanya sawa, kufikia hapo serikali yao ilishaacha kutangaza idadi ya wagonjwa na mzazi hawezi kuamua gizani, lakini yule mtoto ungemjibu nini?

Wiki moja baadaye marehemu Profesa Magoha, waziri wa elimu wa Kenya wakati huo, akatangaza mwaka wa masomo wa 2020 umefutwa, hakuna mtihani wa KCPE wa darasa la nane wala KCSE wa kidato cha nne. Nchi nzima kufuli moja, kuanzia Nairobi kwenye wagonjwa wengi mpaka vijiji vya mbali kabisa. Na hapa ndo naumia, mwisho wa Septemba baa zikaruhusiwa kufunguliwa, shule zikaja baadaye, Oktoba 12, tena darasa la nne, la nane na kidato cha nne peke yao. Binti yetu alirudi Januari 4, 2021.

Huku pia walikosea. Siku hiyohiyo ya Januari 4 shule nyingi za msingi zilifunguliwa na usiku Boris Johnson akatangaza zifungwe, wazazi tulikasirika sana. Ila mlango wa kina sisi ulibaki wazi.

Wa nyumbani wananiambia Uingereza ina pesa. Kweli, familia za kipato cha chini zilipewa vocha ya chakula ya pauni 15 kwa wiki kwa kila mtoto, hilo Kenya isingeliweza. Lakini kuacha madarasa mawili wazi kwenye shule ya serikali kwa watoto wa manesi na wale wasio na mtu mzima nyumbani mchana, hapo pesa gani? Walimu wa TSC, yaani walioajiriwa na tume ya serikali, walikuwa wanalipwa mshahara miezi yote hiyo. Majengo yapo, na Kwale hewa inapita madirishani, si kama huku tulikofungua madirisha watoto wakatetemeka kwa baridi. Ilitaka mtu Nairobi akae chini ajiulize, huyu nesi tunayemwambia aje kazini, mtoto wake tumemwacha na nani?

Waliporudi ikawa mbio, mihula imebanwa, likizo nyingine wiki moja tu, kalenda ikaja kukaa sawa Januari 2023. Binti yetu alifanya KCPE yake Machi 2022. Katika wale aliokuwa nao darasa la saba, wasichana watatu hawakurudi. Dada yangu anawajua wote watatu, ndiye aliyewaandikia kadi za kliniki.