Usiku Nilipomuoa Mama Yake Babu

Nilikuwa nafuata jambo moja tu: baba yake babu alioa lini, na alioa wangapi. Kwenye ukoo wetu suala hilo lina kambi mbili. Shangazi anashikilia kwamba mke alikuwa mmoja. Baba mdogo anasema wawili, na ushahidi wake ni kwamba daftari la ndoa lina jina moja la mke, na cheti cha kuzaliwa cha babu kina jina jingine la mama. Wakianza, chai inapoa.

Nikajiteua kuwa hakimu. Nikapakua programu ya nasaba, nikaingiza kila karatasi niliyoipata, na jamaa wote nikawaalika wajionee mti ukikua. Wale wake wawili niliwaweka wote kwa muda, nikisubiri uthibitisho. Nilikuwa najiona mtaalamu kweli. Nilishajua kwamba kwenye daftari la ndoa usiishie kwa bwana na bibi harusi, usome mpaka mashahidi, maana shahidi mara nyingi ni ndugu na humo ndimo siri zilimo.

Tatizo ni makarani. Karani wa zamani aliandika alichosikia, na kila mmoja alikuwa na masikio yake. Baba yake babu nilimkuta kwa tahajia tatu, kwa hiyo programu ikawa inaniuliza kila mara: "Hawa ni mtu mmoja?" Nabofya ndiyo. Inauliza tena. Ndiyo. Kidole kikazoea.

Sasa, mimi nimerithi jina la huyo mzee, herufi kwa herufi. Saa tano usiku, macho mazito, swali likaja tena: jina lile lile, ukoo ule ule, hawa ni mtu mmoja? Ndiyo. Una uhakika? Ninao!

Nikaenda kulala.

Humo ndani ya programu hizi jina ni pambo tu. Faili la nasaba linalotumika karibu kila mahali, GEDCOM, ambalo limekuwapo tangu 1984, humpa kila mtu namba, na kila ndoa nayo ina namba yake inayoelekeza nani mume, nani mke, nani watoto. Ukiunganisha watu wawili wakawa namba moja, ndoa zote zinamfuata huyo mmoja. Kompyuta haishangai. Inapanga tu.

Asubuhi niliamshwa na mke wangu. Kasimama juu ya kichwa changu, simu mkononi.

"Mume wangu, hapa wameniandika mke wa tatu. Wakubwa zangu ni akina nani?"

Kabla sijajibu, simu yangu ikalia. Shangazi, analia. "We mtoto, uko hai? Nimeletewa taarifa umefariki!" Nikamwambia nipo hai, shangazi. Akanyamaza kidogo, kilio kikakauka, akaanza upya kwa sauti nyingine: "Na hawa wake watatu wametoka wapi?" Kambi yake inasema mmoja, kambi ya pili inasema wawili, na mimi hakimu nimeleta watatu.

Nikafungua kompyuta. Maonyo mekundu mpaka chini ya skrini: mtu huyu amefariki kabla ya kuzaliwa, mtoto wake amemzidi umri. Nikafuata mistari kwa kidole. Babu ni mwanangu. Baba ni mjukuu wangu. Na mimi ni kitukuu changu mwenyewe. Hesabu inasema ukirudi nyuma vizazi 10, kizazi hicho peke yake kina mababu na mabibi 1,024. Mimi nilikuwa nimerudi vitatu tu.

Nikampigia baba kuomba radhi. Akapokea kwa adabu zote: "Shikamoo, babu." Sikuwa na la kusema.

Kututenganisha mimi na marehemu kulinichukua siku mbili, maana baba mdogo alikuwa keshapakua nakala na hataki kuifuta. Anasema watatu ni ushindi kwake, kwani "wawili wamo humo humo".

Lakini nilipokuwa nachambua ndoa moja moja, nikaona kitu. Baba wa yule mke wa kwanza na baba wa yule wa pili ni mtu mmoja. Majina ya wake wenyewe yanatofautiana herufi moja tu: karani mmoja kaandika kwa "r", mwenzake kwa "l". Na programu, bila haya, ikauliza: "Hawa ni mtu mmoja?"

Nikaondoa mkono kwenye kipanya kama nimegusa kaa la moto. Nikamwita mke wangu. Akaketi, akasoma mstari kwa mstari kwa sauti.

"Wewe umo humu?"

"Simo."

"Mimi je?"

"Humo."

"Haya, bofya."