Kihisi ambacho hakuna atakayeharakisha kukitengeneza

Gesi ya Ziwa Kivu ikizungumzwa hapa Goma, swali la usalama hujibiwa haraka: mitambo ya kuivuna itafuatiliwa kwa mbali, na mhandisi aliyeketi nchi kavu ataweza kufunga vali iliyoko majini. Siipingi teknolojia hiyo, kwani bomba linaloshuka zaidi ya mita 300 haliwezi kulindwa kwa macho. Wasiwasi wangu ni juu ya kitakachopimwa, na nani atakilipia.

Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt wenye uwezo wa megawati 26 tayari hutumia gesi hiyo. Maji ya kilindini yanapopandishwa, presha hupungua na gesi hububujika. Metani hutenganishwa na kusafishwa, kisha maji hurudishwa chini. Uzito wa jambo uko katika kurudisha huko, kwa sababu maji yakiachiwa kwenye kina kisichofaa yanaweza kuvuruga matabaka yanayoshikilia takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno likilinganishwa na letu, liliua watu wapatao 1,700 mwaka 1986 lilipotapika kaboni dioksidi ghafla, na sisi tunaoyajua mazuku, yaani mabonde ambamo kaboni dioksidi itokayo ardhini hutuama na kuua, hatuhitaji kuelezwa jinsi hewa hiyo nzito inavyotambaa mabondeni.

Mita inayohesabu gesi ya kuuzwa ikiharibika, fundi ataitwa siku hiyohiyo, maana fedha zinapotea. Kihisi, yaani kifaa kinachopima kina na msongamano wa maji yanayorudishwa, hakimwingizii mtu faranga hata moja, na ndicho ninachokihofia. Tumekwisha kuonja jambo la namna hiyo: kabla volkano yetu ya Nyiragongo haijalipuka tarehe 22 Mei 2021, kituo cha kuchunguza volkano kilikaa miezi kadhaa bila fedha za kulipia intaneti ya kupokea data za vihisi vyake.

Kwa hiyo leseni ya kuvuna gesi itamke wazi kwamba kihisi hicho kikinyamaza, au mawasiliano yakikatika, mtambo usimame wenyewe bila kungoja amri ya mtu. Gharama za setilaiti, betri na mafundi wanaoishi hapa ziwekwe benki kabla jahazi la kwanza la kubebea mtambo halijashushwa majini, na vipimo vya kihisi hicho visomwe kwa wakati mmoja Goma, Bukavu na Gisenyi, si katika ofisi ya kampuni peke yake.