Na Djibouti je?

Mwandishi wa makala anasema jeshi la Ufaransa limetoka jumla Afrika baada ya kukabidhi kambi yao ya Camp Geille pale Dakar, Senegal, Julai 2025, hapo mi sikubali. Ni kweli walitoka Mali 2022, Burkina na Niger 2023, Chad Januari 2025, na ile video jenerali wao anamkabidhi mkuu wa majeshi wa Senegal ufunguo nimeirudia mara kibao, roho inafurahi kwa kweli, maana walikuwepo tangu uhuru 1960. Lakini Djibouti bado wana kambi yenye wanajeshi kama 1,500 na mkataba wa kukaa hapo wameuongeza 2024, wala hawana mpango wa kuhama! Alafu noti za CFA, ile sarafu ya nchi nyingi zilizotawaliwa na Ufaransa, zinachapwa hukohuko Ufaransa na thamani yake imefungwa kwenye yuro, CFA 655.957 kwa yuro moja ileile tangu 1999, sasa jeshi limetoka, pesa itatoka lini? Na Wakenya wenzangu tunaoshangilia tukumbuke Nanyuki kuna wanajeshi wa Uingereza mpaka leo, na yule dada Agnes Wanjiru aliyeuawa huko 2012, anatuhumiwa mwanajeshi wao, familia yake bado inatafuta haki. Walioko Djibouti au waliowahi kuishi huko, wananchi wenyewe wanasemaje kuhusu hiyo kambi?